Madam wa Sayansi na Alama Nilizomjazia

Chai ya saa nne ikiletwa katika chumba cha walimu, sisi wengine tulikunywa. Yeye alitumbukiza kipimajoto kwanza. Alikitoa mfukoni mwa koti lake, akakifuta kwa leso, akakizamisha kikombeni na kusubiri, huku mpishi wetu amesimama mlangoni na birika lake, amenuna.

"Sitini na nane," alikuwa akisema. "Jana ilikuwa sabini na moja. Mama, leo umetembea polepole ama kuna upepo?"

Mpishi alijibu kwamba upepo upo, na watu wenye maneno mengi pia wapo. Kisha Madam alikunywa chai yake yote bila kuisifu wala kuilaumu, akarudi darasani.

Tulimwita Madam wa Sayansi. Shuleni kwetu kulikuwa na akina madam kumi na mmoja, lakini ukisema "Madam" bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yeye, kuanzia mwalimu mkuu hadi akina mama waliouza omena, dagaa wa ziwa, nje ya lango. Mimi nilikuwa Madam wa Kiswahili. Darasa langu lilipakana na lake, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao, kwa hivyo kwa miaka kumi na tisa nilisikia masomo yake nitake nisitake. Ni vizuri niseme mapema kinachonisukuma kumweleza. Katika mwaka wake wa mwisho kazini nilijaza alama za uongo kwa jina lake, alama za watoto themanini na wanne, naye akastaafu akiamini kwamba ukweli wake ulipokelewa. Nilimwacha aamini hivyo kwa miaka mitatu. Jambo hili limenichosha kuliko kazi yenyewe.

Koti lake lilikuwa jeupe siku lilipotoka dukani. Nilipomjua mimi lilikuwa na rangi ya kila kitu alichowahi kufundisha: madoa ya iodini, masizi ya mishumaa, tope la ziwa, na mahali pamoja penye tundu lililotobolewa na tindikali ya betri ya gari. Mkoba wake haukubeba kioo wala poda. Ulibeba uzi, wembe, kipande cha mshumaa, maharagwe yaliyofungwa kwenye karatasi, na lenzi moja iliyopasuka ukingoni. Siku moja mlinzi wa benki mjini aliufungua, akatazama ndani, akamtazama yeye, akaufunga tena bila swali.

Alikuwa na swali moja ambalo watoto waliliogopa kuliko kiboko. Mtoto akisimama na kusema kwamba samaki hupumua majini, au kwamba mbu huleta malaria, Madam aliuliza, "Umeona ama umeambiwa?" Hakuwa akikejeli. Ukisema umeambiwa, alitaka kujua na nani, na huyo naye aliambiwa na nani. Ukisema umeona, alitaka kujua saa ngapi, wapi, na ulikuwa umesimama upande gani. Watoto wa Kaloleni, ambako yeye mwenyewe aliishi katika zile nyumba kuukuu za baraza la mji, waliendeleza mchezo huo hadi nyumbani. Mama mmoja alikuja shuleni kulalamika kwamba binti yake amemuuliza baba mtu mezani, mbele ya wageni, kama aliiona hiyo ajali iliyomchelewesha au aliambiwa.

Nami sikupona. Nikifundisha methali, mara nyingine aliweka kichwa chake mlangoni, miwani imeshuka puani.

"Lisemwalo lipo," alirudia maneno yangu. "Nani amepima?"

"Madam, hiyo ni hekima ya wazee."

"Nyar Maragoli, kuna kitu watu wanasema Kisumu hii haiko, haitakuwa, na bado watu wanaisema."

Aliniita hivyo, binti wa Maragoli, kwa sababu kwetu ni Vihiga na nilikuja mjini kwa kazi. Mimi nilimjibu kwamba yeye akiletewa mzee wa methali atamwomba vyeti vya shule. Watoto walicheka, naye alicheka pia, kicheko kifupi cha puani. Methali moja tu aliipitisha bila maswali, ile isemayo dalili ya mvua ni mawingu, akisema huyo mzee angalau aliangalia juu.

Watu wengi wakimkumbuka husimulia mambo ya kuchekesha kama hayo. Mimi humkumbuka zaidi siku ya maharagwe, kwa sababu ndiyo siku pekee niliyomwona amevunjika moyo darasani.

Alikuwa amewapa watoto wa darasa la sita makopo. Nusu ya makopo ilikaa dirishani, nusu ikafungiwa kabatini gizani, na kila asubuhi watoto walipima urefu kwa rula na kuandika. Kitabu kilisema mmea unaokosa mwanga hudhoofika. Watoto walisoma "hudhoofika" wakaelewa kwamba utakuwa mfupi. Lakini maharagwe ya kabatini yalirefuka mbio, membamba, meupe, yakiutafuta mwanga, yakayapita ya dirishani kwa kiganja kizima. Siku ya tisa Madam alifungua kabati akakuta mimea yote imepunguzwa. Imekatwa kwa wembe, safi kabisa, mifupi kuliko ya dirishani, kama kitabu kilivyotaka.

Nilisikia kimya kupitia ukuta. Darasa la watoto sabini likinyamaza namna ile, mwalimu wa jirani huacha kuandika ubaoni.

"Nani amekata?"

Baada ya muda, sauti ya msichana: "Ni sisi, Madam."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inakosea, Madam. Kitabu inasema ya giza inakuwa weak. Sasa yetu ilikuwa inapita ile ya dirisha. Tukaona utakasirika."

Nilitarajia ngurumo. Badala yake nilisikia kiti kikivutwa, na Madam akawaambia kwa sauti ya chini kwamba harage halijui kukosea. Wewe unaweza kukosea, akasema, mimi naweza, hata aliyeandika kitabu anaweza, lakini harage linafanya tu linalofanya, na kazi yetu ni kuandika tulichokiona. Akawaambia wapande upya. Saa nne alikuja kwenye chai akakaa karibu nami, kipimajoto kikabaki mfukoni.

"Miaka hii yote," aliniambia, "na watoto wangu wanakata mmea ili wanifurahishe."

Nilimwambia hao ni watoto tu. Alisema ndiyo, ni watoto, na mtu mkubwa anayekata mmea alianza akiwa mtoto. Nilikubaliana naye kabisa siku hiyo, tena kwa moyo wote.

Alikuwa mpole kwa mtoto aliyepata jibu baya kwa njia halali, na mkali kwa aliyepata jibu zuri kwa kunakili. Hilo wazazi hawakulielewa kamwe. Kulikuwa na ile habari ya maji kuchemka. Kila kitabu kinasema maji huchemka katika nyuzi mia moja. Madam alichemsha maji darasani, watoto wakasoma kipimajoto mmoja mmoja, wote wakaona tisini na sita. Alibadilisha kipimajoto, ikawa tisini na sita. Akawaeleza kwamba sisi wa Kisumu tunadhani tuko chini kwa sababu ya joto na kwa sababu ziwa liko hapa miguuni, kumbe ziwa lenyewe liko juu mbali na bahari, na huku juu hewa ni nyepesi, maji huchemka mapema. Watoto walifurahi sana, kama watu waliogundua kwamba nyumba yao ina chumba wasichokijua.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio wa eneo letu, na msichana mmoja akaandika tisini na sita. Akakoseshwa.

Madam alikwenda ofisi ya elimu mara tatu kwa ajili ya alama hiyo moja. Mara ya tatu alibeba sufuria, jiko dogo la gesi na kipimajoto, akachemsha maji juu ya meza ya ofisa. Ofisa alikuwa mtu muungwana. Aliinama akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Madam, nimeona," alisema. "Ni ninety-six kweli. Lakini marking scheme inasema mia."

Alama haikubadilishwa. Madam alirudi na sufuria yake, akamsimamisha yule msichana mbele ya wenzake, akasema, "Huyu amekosa alama na hajakosea." Aliona amempa heshima kubwa. Msichana alilia hadi saa ya kwenda nyumbani, maana alama hiyo moja ilimfanya awe wa pili, na baba yake alikuwa amemwahidi viatu akiwa wa kwanza. Mimi ndiye niliyemnyamazisha, kwa sababu Madam hakujua kumnyamazisha mtoto. Tangu siku hiyo nikawa na wazo langu pembeni ambalo sikumwambia: kwamba ukweli ni mzuri, lakini mara nyingine anayeulipia ni mtoto.

Msidhani alikuwa mtu wa akili peke yake. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa, na padri alipomtania kama amempima Mungu pia, alijibu, "Huyo ndiye ananipima mimi." Radi ikianza kupiga upande wa milima ya Nandi, yeye aliyewafundisha watoto umeme ni nini alivua kila kitu chekundu alichovaa, hata kitambaa cha kichwa, akakisukumia chini ya meza, maana husemwa wekundu huita radi. Tulimcheka waziwazi. Alisema amepima mambo mengi maishani, hilo bado, na hataki kuwa yeye ndiye kifaa. Vidonge vyake vya presha alivinywa akipenda. Nikimgombeza, alisema anajaribu aone itakuwaje asipokunywa, na mimi nikamwambia hilo ni jaribio la mtu mjinga. Hakubisha.

Na hakujua kusema maneno ya kupooza watu. Mama yangu alipofariki, walimu walikuja na kuniambia yuko mahali pema, amepumzika, Mungu alimpenda zaidi. Madam alisafiri hadi kwetu, akakunja mikono ya gauni, akaosha vyombo vya matanga siku tatu mfululizo. Siku ya kuondoka alinishika bega akasema, "Sijui yuko wapi. Najua hapa hayuko, na najua umeumia." Katika maneno yote niliyoambiwa wiki hiyo, hayo ndiyo yaliyonifanya nilie kama ilivyotakiwa.

Ndiyo maana naona aibu kusimulia yanayofuata.

Mwaka wake wa mwisho, mvua za masika zilikuja na ziwa likapanda. Wanafunzi wa gredi ya sita walitakiwa kuotesha mimea na kuipima kwa wiki tatu, na mwalimu kumpa kila mmoja alama kuanzia moja hadi nne, kisha alama zipelekwe kwa mtandao. Kwa tathmini hizi za siku hizi, hilo si jambo la kuchezea, alama inamfuata mtoto. Walikuwa wamepima siku tano tu. Asubuhi ya siku ya sita tulikuta maji yameingia madarasani hadi magotini, na makopo themanini na manne yanaelea uwanjani pamoja na magugu ya ziwa. Shule ilifungwa karibu mwezi mzima. Tulipofungua, tulisukuma tope kwa majembe, na siku za kupeleka alama zilikuwa zimebaki mbili.

Shule nyingine za ufukweni zilijaza. Hakuna aliyeona vibaya. Madam alichukua fomu, akaandika mbele ya kila jina, "Haikufanyika." Mara themanini na nne, kwa mwandiko wake wa kulala. Akaambatanisha barua ya kueleza mafuriko. Mwalimu mkuu alimwita, nami nilikuwapo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na neno la siri la mtandao.

"Madam, jaza tu," alisema mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyelala saa tatu kwa wiki. "Mpe kila mtu tatu twende nyumbani."

"Tatu ya nini, Sir?"

"Ya ile project ya maharagwe."

"Maharagwe ilibebwa na maji. Wewe mwenyewe uliona."

"Mimi niliona. Wale wako Nairobi hawakuona."

"Ndiyo maana nawaandikia."

Mwalimu mkuu alimwambia watoto wataumia. Madam akasema watoto wataumia zaidi wakijua kwamba mwalimu wao anaweza kupima mmea uliokufa. Aliweka fomu na barua mbele yangu. "Peleka hivyo hivyo," akaniambia, akaondoka.

Nilijaribu, nataka mjue nilijaribu. Mtandao haukutaka barua. Haukutaka neno, ulitaka namba, na ukiacha nafasi moja tupu ulikataa kufunga ukurasa, na alama za masomo yote ya mtoto huyo zikabaki hewani. Nilipiga simu ya msaada hadi mkono ukafa ganzi. Hakuna aliyeshika. Mwalimu mkuu alisimama dirishani akasema, "Fanya utakavyofanya, mimi sijaona," akatoka. Ilikuwa saa kumi na nusu, mlango wa mtandao ulikuwa unafungwa saa kumi na moja.

Nikajaza. Nilianza na wa kwanza kwenye orodha nikashuka. Wengi niliwapa tatu. Kisha nikaona tatu tupu zitaleta shaka, nikaanza kuchanganya: huyu nne kwa sababu ni mtulivu, huyu mbili kwa sababu anachelewa. Kulikuwa na msichana aliyekuwa kwa nyanya yake Luanda Kotieno muhula mzima, mgonjwa, hakuwahi hata kugusa kopo lake. Nikampa mbili. Nakumbuka nilijipongeza kwa kuwa mwangalifu. Ukurasa ukafungika, nikanywa maji, nikaenda nyumbani.

Nilikusudia kumwambia kesho yake. Kesho yake alikuja amechangamka, akauliza, "Ilienda?" Nikasema ilienda. Sikusema uongo katika neno hilo, na nilijificha ndani yake.

Matokeo yalipotoka watoto wote walipita kwenda gredi ya saba. Katika sherehe ya kumuaga, mbele ya wazazi, soda na keki, Madam alisimama akasema maneno machache, maana hakuwa mtu wa hotuba.

"Waliniambia watoto wataumia nikiandika ukweli," alisema. "Niliandika haikufanyika mara themanini na nne. Hakuna aliyeumia. Hiyo ndiyo experiment yangu ya mwisho, na imejibu."

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa na kisu mkononi, nakata keki. Nilijua kwamba nimekata mmea wake, na niliendelea kugawa vipande.

Ningenyamaza hadi leo kama si yule mwalimu mpya. Ni kijana wa mkataba, alifundisha pamoja na Madam muhula wake wa mwisho, akarithi darasa lake na hata namna yake ya kushikilia chaki. Mwaka huu kazi ya watoto ilikuwa mboji: walirundika majani na samadi nyuma ya choo, wapime joto lake kwa wiki nne. Wiki ya pili tukaambiwa kuna mgeni wa heshima anakuja. Mwalimu mkuu akaamuru uwanja uwe safi, na mboji ikazolewa na takataka ikachomwa moto. Mgeni alikaa robo saa.

"Mimi nitaandika haikufanyika," yule kijana alituambia kwenye chai, uso unang'aa. "Madam alifanya hivyo, na watoto hawakuguswa. Alijaribu, ikafaulu."

Mkataba wake unaisha Desemba. Anayeamua kama utaongezwa ni mwalimu mkuu. Alama zilitakiwa zipelekwe Jumatano. Na neno la siri bado ninalo mimi. Jumamosi nilinunua mkate nikaenda Katito, ambako Madam aliporudi nyumbani alijenga nyumba ya vyumba viwili juu kidogo ya barabara ya Kendu Bay.

Alikuwa amekonda. Alikaa nje kwenye kiti cha plastiki, goti moja limefungwa kitambaa, daftari mapajani. Alikuwa ameandika mvua ya kila siku tangu ahamie pale, kwa chupa aliyoikata na kuichora mistari, na majirani waliopita waliuliza kama wapande sasa, naye akawajibu kwamba hawezi kuwaambia wapande, anaweza tu kuwaambia mwaka jana ilikuwaje. Walimsalimu kwa heshima na kwenda kupanda kwa akili zao.

"Nyar Maragoli! Umekuja mikono mitupu ama uko na mkate?"

"Niko na mkate."

"Basi keti."

Tulikunywa chai tukiongea habari za magoti na za mwalimu mkuu. Aliuliza habari za yule kijana, nikaona anavyompenda. Nikaona nikingoja chai iishe sitasema tena.

"Madam, ile barua yako ya mafuriko haikufika mahali."

"Barua gani?"

"Ya maharagwe. Mtandao ilikataa. Ilikuwa inataka namba tu. Mimi nilijaza."

Aliweka kikombe chini karibu na mguu wa kiti, polepole, akakisogeza kisimwagike.

"Wangapi?"

"Wote."

"Uliwapa ngapi?"

"Wengi tatu. Wengine mbili. Wengine nne."

"Na yule alikuwa Luanda Kotieno?"

"Mbili."

"Hakuwa shule."

"Najua, Madam."

"Sasa mbili ilitoka wapi?"

"Nilitaka ionekane ya kweli."

Jibu hilo ndilo lililomuumiza, niliona. Yale mengine aliyapokea kama mtu anayeandika daftarini. Alitazama barabara kwa muda mrefu, malori ya mchanga yakipita.

"Aol," akasema mwishowe, yaani nimechoka. "Yawa, jamani, aol. Miaka tatu nawaambia watu matokeo ya kitu hakuna mtu alifanya. Kanisani nimesema. Yule kijana nimemwambia. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha. Halafu ikawa kila siku ni kuchelewa zaidi."

Nikamweleza habari ya mboji, na Jumatano, na mkataba. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa simu yake, akaishika mbali na macho, akatafuta jina. Masikio yake siku hizi ni mazito, kwa hivyo aliweka sauti ya nje.

"Mwalimu," alisema kijana alipopokea, "ile kitu nilikuambia ya maharagwe, futa. Haikuenda vile nilisema. Alama zilijazwa, mimi sikujua. Kwa hivyo usiambie mtu eti Madam alijaribu ikafaulu. Ukitaka kuandika haikufanyika, andika, mimi sikukatazi. Lakini ujue hakuna mtu ameona bado kitu gani inafuata. Inaweza kuwa kazi yako. Umenisikia?"

Nilimwazia amesimama mahali, uso ule umezimika.

"Nimesikia," alisema. Kisha: "Lakini nani alijaza, Madam?"

Madam alinitazama. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, mkate wangu kati yetu, bado umefungwa.

"Sijui," akasema. "Ni kitambo."

Akakata simu. Aliiweka mapajani juu ya daftari, akaitazama kana kwamba si yake.

"Umesikia hiyo?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Imetoka tu. Sikufikiria hata kidogo." Alikunja na kukunjua vidole vyake. "Ilikuwa hivyo na wewe?"

"Ilikuwa hivyo, Madam. Hivyo tu."

Akatikisa kichwa. Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini, sikuwahi kumsikia akificha alichokiona, kwa ofisa wala kwa padri wala kwa mtu aliyefiwa. Nilikuwa nimekuja kumwondolea uongo mmoja, na sasa alikuwa na mwingine, wake mwenyewe, alioubeba kwa ajili yangu katika uzee wake, goti limefungwa kitambaa. Niliumia sana. Sitasema nilipata ujasiri, maana haukuwapo. Nilikuwa nimechoka kubebwa.

Nilinyoosha mkono nikaichukua simu mapajani mwake, nikabonyeza namba ile ile.

"Ndiyo, Madam?" alisema kijana.

"Si Madam. Ni mimi, wa Kiswahili. Niko hapa kwake. Niliyejaza zile alama ni mimi. Neno la siri bado niko nalo, na Jumatano sitaandika namba yoyote ambayo hujanipa wewe."

Madam alikuwa ameinua uso.

"Wote themanini na wanne?" aliuliza kijana.

"Wote," nikasema.